Ngazi kumi na nne za Marketta

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, kipimajoto kilichopigiliwa nje ya mlango kinasoma nyuzi ishirini na tatu chini ya sifuri. Theluji imeanguka usiku kucha mjini Kuurajoki, kaskazini mwa Ufini. Marketta Vuolijoki anabonyeza kitufe cha ukutani kwa kiwiko, maana mikono yote miwili ina mifuko ya kazi, na mlango mpana wa chumba cha baiskeli unafunguka wenyewe.

Ndani hakuna joto la kumfanya mtu avue koti, lakini maji hayagandi. Theluji iliyong'ang'ania magurudumu tangu jana imeyeyuka na kuingia kwenye mfereji mdogo katikati ya sakafu. Marketta anachomoa waya wa betri kwenye soketi, anaminya tairi zenye misumari ya kushika barafu kwa kidole gumba, anafunga mifuko kwenye kapu. Hatua sita, na tayari yuko njiani.

"Dakika moja na nusu," anasema huku mvuke ukimtoka mdomoni. "Nilikotoka ilikuwa robo saa, na sala juu yake."

Marketta ana umri wa miaka hamsini na minne. Kwa miaka kumi na tisa kazi yake imekuwa kuwahudumia wazee majumbani mwao: kuchoma sindano za kisukari, kufunga vidonda, kupika uji, kuwavisha soksi za kubana miguu. Kila asubuhi ana wazee kumi na mmoja katika majengo tisa. Ni mwendo wa kilomita kumi na sita.

Mshahara wake ni yuro 2,500 kwa mwezi kabla ya kodi. Gari aliliuza zamani. "Gari lingekula robo ya mshahara," anasema, "halafu bado ningekuwa nakwangua barafu kwenye kioo wakati mzee wa watu ananisubiri kwa njaa." Tena Kuurajoki njia za baiskeli husafishwa theluji kabla ya barabara za magari. Mwenye gari akilalamika, huambiwa anunue baiskeli.

Shida ya Marketta haikuwa njia, wala baridi. Shida ilikuwa ngazi.

Jengo alilokuwa akiishi zamani lilijengwa enzi za wazazi wake. Baiskeli zilihifadhiwa chini ya ardhi, nyuma ya mlango wa chuma, na kuifikia hewa ya nje kulikuwa na ngazi kumi na nne za zege. Baiskeli yake ya betri ina uzito wa kilo ishirini na saba, na haiwezi kulala nje, maana baridi huua betri. Kila asubuhi aliipandisha, kila jioni aliiteremsha.

Asubuhi moja ya Novemba, miaka mitatu iliyopita, alikuwa amebakiza ngazi tatu kufika juu.

"Kisigino kilikanyaga barafu," anasimulia. "Baiskeli ikanirudia kifuani, tukashuka wote wawili kama gunia la viazi. Mkono nikausikia unalia, kak!"

Akiwa amelala chali, usukani umemkaa shingoni, alitoa simu kwa mkono mzima. Hakupiga hospitali. Alimpigia Saimi Kanerva, rafiki yake na mfanyakazi mwenzake.

"Saimi, mzee Oiva hajachomwa sindano."

"We mwanamke, kwani uko wapi?"

"Chini ya ngazi."

"Ngazi zipi?"

"Zile zile."

Saimi alizijua. Yeye mwenyewe alishawahi kuacha jino kwenye ngazi kama hizo, jengo la jirani.

Kifundo cha mkono kilikuwa kimevunjika mahali pawili. Hospitalini walimtia chuma na skrubu saba, akakaa miezi mitano bila kazi. Daktari aliyemfungua plasta alimpa mkono wa kheri, kisha akampa na sharti: mkono ule usinyanyue kitu cha zaidi ya kilo tano, labda maisha yote.

"Kilo tano," Marketta anasema. "Yaani tandiko na kengele."

Kazini walimhamishia kwenye meza ya simu. Hakuna aliyemfukuza wala aliyemsema vibaya. Mshahara ulibaki pale pale. Ila kila alfajiri alikaa kwenye kiti cha ofisi chenye magurudumu, akiwasikiliza wazee wake kupitia waya. Njia yake ilikuwa imechukuliwa na Saimi, na Oiva, mzee wa miaka themanini na mmoja asiyejua kuficha la moyoni, alipiga simu kila siku kulalamika.

"Huyu Saimi wako anapika uji kama gundi ya viatu."

"Vumilia, mzee."

"Nimevumilia vita na nimevumilia mke. Uji siuvumilii."

Akikata simu, Marketta alikuwa anacheka. Baadaye, anakiri, alikuwa analia. Bosi wake alimwambia kwa upole kwamba siku atakapopata pa kuitoa baiskeli bila kuinyanyua, njia yake itarudi mikononi mwake.

Ndipo likaja jengo jipya. Kwenye kiwanja cha zamani cha kiwanda cha maziwa, mwendo wa dakika tano kutoka kwa wazee wake, mwekezaji mmoja alitaka kujenga nyumba arobaini na nane za kupangisha. Kanuni ya mji inasema kila jengo jipya la makazi liwe na nafasi ya baiskeli kwa kila chumba cha kulala, na angalau nusu ya nafasi hizo ziwe ndani, usawa wa ardhi, zifikike bila ngazi. Marketta aliisoma kanuni hiyo kama mtu anayesoma barua ya mchumba. Akaandikisha jina. Alikuwa wa tatu kwenye orodha ya waombaji.

Februari iliyofuata alipita kando ya uzio wa kiwanja akakuta karatasi imebandikwa. Mwekezaji anaomba msamaha wa kanuni. Chumba cha baiskeli cha usawa wa ardhi kigeuzwe mgahawa. Baiskeli ziende chini ya ardhi, zitundikwe kwenye ndoano. Sababu: wakazi hawatumii baiskeli kuanzia Novemba hadi Aprili. Mwenye maoni ana siku kumi na nne.

"Nilisoma mara tatu," anasema. "Nilidhani ni macho. Kisha nikahisi ule mkono unauma, na haukuwa umeuma tangu Krismasi."

Jioni ile alikwenda kwa Saimi.

"Wanasema wakati wa baridi baiskeli zinalala," alimwambia.

"Nani anasema?"

"Karatasi."

"Karatasi inalala na nani mpaka ijue?" Saimi alijibu. "Sisi ndio tunaoingia kwenye majengo yote ya mji huu. Tuzihesabu."

Kesho yake, wahudumu kumi na mmoja waliingia zamu wakiwa na vipande vya chaki mfukoni. Kila jengo walipoingia kumhudumia mzee, walipitia kwanza mahali pa baiskeli, wakachora mstari mfupi kutoka kwenye tairi hadi sakafuni. Siku iliyofuata waliangalia: mstari ukiwa umekatika, baiskeli ilitoka. Zile za nje hazikuhitaji chaki. Tandiko lenye kofia ya theluji halijakaliwa, na tandiko jeusi lina mwenyewe.

Ilikuwa wiki ya baridi kali kuliko zote mwaka ule, nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri. Walihesabu baiskeli 212. Katika majengo yenye chumba cha usawa wa ardhi, baiskeli sita katika kila kumi zilitoka. Katika yale yenye ngazi, hata moja katika kumi haikutimia.

Marketta aliandika barua kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia huchoka haraka. Ilikuwa ukurasa mmoja. Sentensi ya mwisho ilisema: "Kinacholaza baiskeli zetu si baridi, ni ngazi."

Barua ilimfikia Tapani Myllylä, mkaguzi wa ramani wa mji, mtu mkimya aliyesoma maelfu ya maombi katika kazi yake. "Watu wengi hutuandikia kwamba wamekasirika," anasema. "Huyu alituandikia alichokihesabu." Myllylä alipendekeza wajumbe wawili wa kamati na msanifu wa jengo wakutane kwenye jengo la zamani la Marketta, wakazione hizo ngazi.

Msanifu alikuwa Rasmus Hongell, kijana mrefu mwenye miwani, aliyefika na viatu vya ngozi. Alieleza kwa adabu kwamba ngazi si kikwazo kikubwa kwa mtu mwenye afya.

"Basi chukua, bwana," Marketta alimwambia, akimwonyesha baiskeli yake iliyokuwa imelala kule chini tangu siku ya ajali. "Ni baiskeli tu."

Hongell aliikamata. Ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne, kanyagio likamgonga ugoko. Ya tano akasimama, miwani imejaa mvuke, mgongo ukutani, hawezi kupanda wala kushuka.

"Kaka, kaza mwendo!" Saimi alimpigia kelele kutoka juu. "Wagonjwa wanasubiri sindano!"

Wajumbe walicheka, na Hongell mwenyewe akacheka, jambo ambalo Marketta anasema hatalisahau. Wajumbe wote wawili walishuka kumsaidia. "Ninayo baiskeli," alisema alipopata pumzi, "ila ya kwangu ina kilo tisa, na ni ya kiangazi."

Kamati ilikutana siku kumi na moja baadaye. Siku hiyo Marketta alikuwa kwenye meza ya simu, na Oiva alikuwa hewani akiusema uji, Myllylä alipopiga kwenye simu yake ya mkononi. Alisikiliza kwa sekunde chache. Kura sita kwa tatu. Msamaha umekataliwa.

Aliirudia simu ya mezani akipenga kamasi.

"Unalia?" Oiva aliuliza. "Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa, mzee. Wamekataa."

"Wamekataa nini?"

"Wamekataa kunishusha ngazi."

Upande wa pili kijiko kiliwekwa mezani. Kisha: "Kwa hiyo uji utarudi?"

"Utarudi."

"Basi lia, mwanangu. Mimi nasubiri."

Marketta anasema alihisi kama mtu aliyebeba ndoo kichwani miezi kumi na tano, na mwenzake akaja nyuma bila kishindo akaitua. Alilala usiku ule saa tisa mfululizo, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu ajali.

Hongell alirudi kwenye meza yake akapata njia. Alipunguza nafasi tisa za magari zilizokuwa zichimbwe chini ya ardhi, na fedha zilizookolewa zikalipia mlango mpana na mfereji wa sakafuni. Mgahawa ulibakiziwa kona. Mpaka leo haujapata mpangaji, na wakazi wengine humnung'unikia Marketta kwa hilo. Kitufe cha mlango nacho kiliganda mara moja Desemba, ikabidi kipashwe moto kwa mashine ya kukaushia nywele. Wenye baiskeli za magurudumu matatu wanasema nafasi zao ni finyu, na Marketta anakubali.

"Si pepo," anasema. "Ni chumba. Ila naingia kwa miguu yangu na natoka kwa miguu yangu."

Alihamia Oktoba. Jumatatu ya kwanza aligonga mlango wa Oiva saa moja kasoro dakika kumi, theluji mabegani. Mzee alimwangalia toka kofia hadi viatu.

"Umechelewa," alisema. "Miaka mitatu." Kisha akageuka kumfungulia mfuko wa unga wa uji, ili Marketta asiyaone macho yake.

Leo Marketta anamaliza mzunguko saa nane mchana. Badala ya kwenda nyumbani, anaelekeza baiskeli kwenye jengo lake la zamani. Kanuni ya mji inahusu majengo mapya tu. Familia arobaini na tatu bado zinapandisha baiskeli kwa mabega, akiwemo mama mmoja mjamzito aliyemwona wiki jana amekaa katikati ya ngazi akipumua.

Usawa wa ardhi, nyuma ya lifti, kuna chumba cha kukaushia mazulia ambacho hakijatumika kwa miaka. Kinahitaji mlango mmoja wa kwenda nje. Wakazi watapiga kura Machi. Marketta hana kura tena pale, lakini ana funguo za kuingia kwa wazee wawili wa jengo hilo, na ana mdomo.

Tangu Januari anapita nyumba moja kila alasiri. Anavua viatu mlangoni, anakunywa kahawa anayopewa, anaeleza mambo ya mlango.

"Tukipata kura ishirini na mbili, kazi inaanza Juni, ardhi iliyoganda ikishalainika," anasema, akiegemeza baiskeli kwenye nguzo na kupangusa theluji magotini. Anafungua kapu na kutoa mfuko wa karatasi wenye joto, unaonukia iliki. "Mpaka jana ninazo kumi na tisa. Hizo tatu nitazipata kwa maandazi."