Droo ya Simu Kuukuu

Mkaguzi wa programu alikuwa na droo iliyojaa simu kuukuu, kila moja imebandikwa karatasi yenye namba ya toleo la mfumo wake wa uendeshaji, kuanzia la nane hadi la kumi na tano. Kwa miaka sita alikuwa akizijaribu moja moja kabla programu yoyote haijatoka. Meneja wake, ambaye ofisi nzima ilimwita Bwana Kisasa kisirisiri, aliiita droo hiyo makaburini.

Bwana huyo hakujua hata tofauti ya lengo na kima cha chini. Lengo ni toleo jipya ambalo programu imetengenezwa iendane nalo. Kima cha chini ni toleo la zamani kabisa linaloruhusiwa kuipakua. Yeye aliviweka vyote viwili kumi na tano, akaegemea kiti utadhani kavumbua umeme.

"Bosi, hii ni programu ya foleni ya hospitali," mkaguzi alisema. "Wagonjwa wengi wana simu za toleo la nane, la tisa. Mama yangu mwenyewe yuko la nane. Lengo libaki kumi na tano, kima cha chini kiwe nane."

"Wanunue simu. Siwezi kuitoa ile picha ya mwanzo kwa ajili ya vikongwe."

Picha yenyewe ilikuwa moyo unaodunda, usiofanya kazi ila kwenye toleo la kumi na tano. Basi! Kwa kikatuni hicho, nusu ya wagonjwa wafungiwe mlango. Mkaguzi alimdharau mtu yule tangu utosini hadi kwenye viatu vyake vilivyochongoka. Lakini fomu ya idhini ilipofika mezani pake aliitia sahihi, maana alichoka kumpigia mbuzi gitaa.

Jumatatu asubuhi, siku programu ilipoanza kazi, mama yake alimpigia kutoka hospitali.

"Mwanangu, inasema simu yangu haifai. Nimekuja kupanga foleni tu."

"Na miguu ilivyovimba hivyo! Umepata pa kukaa, mama?"

"Viti vimejaa. Lakini usijali. Hawa wenzangu walikuwa wanatukana, nimewanyamazisha. Nimewaambia aliyeikagua ni binti yangu, hawezi kupitisha kitu kibovu."

Ng'ambo ya kioo cha ofisi, Bwana Kisasa alikuwa akiwaonyesha wageni moyo unaodunda, meno yote nje. Mkaguzi alimtazama, na kwa mara ya kwanza akaona kuna mtu anayestahili dharau kumzidi yule.

"Upo, mwanangu?" mama aliuliza.