Pigo la Pili

Mwanamume aliyejaribu kuninyang'anya mkoba hapa Kilburn, huku ng'ambo, alichagua siku mbaya. Tangu asubuhi nilikuwa nikiwaogesha na kuwavisha wazee wa watu bila kutia chochote tumboni, na mkononi nilikuwa na mfuko wa tilapia wawili waliogandishwa, wagumu kama matofali. Alinijia kwa nyuma karibu na kituo cha basi, akashika mkanda wa mkoba, akavuta. Nami nikamzungushia samaki. Aliketi chini akiwa ameshika sikio, na watu waliokuwa wakingoja basi wakamzuia mpaka polisi walipofika.

Kwetu mtu akipatwa na jambo, watu huja kumpa pole. Jumamosi iliyofuata, kufikia saa nane mchana, sebule yangu ilikuwa imejaa akina mama wa kanisani, na mimi mwenye msiba ndiye niliyekuwa nikipika chai. Kila aliyeketi alianza na pole, kisha akatoa swali lake.

"Pole sana, mama. Lakini si unajua mkoba haubebwi ile side ya barabara?"

"Pole, dada. Ulikuwa kwa simu, ama? Sema tu ukweli."

"Mimi siwezi kubeba handbag nyekundu Kilburn. Labda Stanmore, kwa matajiri."

Huyo wa mwisho ndiye aliyeninunulia mkoba wenyewe, siku yangu ya kuzaliwa. Niliudhika, tena sana, lakini nikaendelea kumimina chai. Ila niligundua jambo. Kila nilipofika kwenye samaki, maswali yalikoma na vicheko vikaanza. Basi nikawapa samaki. Mara ya kwanza nilisimulia ukweli, kwamba nilimpiga mara mbili. Birika la pili likaongeza pigo, na la tatu likaongeza lingine, na mwizi akawa ananiomba msamaha kwa jina la Yesu.

Ndipo mlango ukabishwa. Alikuwa askari wa kike aliyekuja kuniandikisha taarifa. Alikuwa amepiga simu asubuhi kuuliza kama saa tisa ingenifaa, nami nikamwambia aje tu, kana kwamba naye anakuja kunipa pole. Akina mama wakasogea, wakampa kiti kizuri na sahani ya mandazi. Alikataa, kisha akala mawili.

Halafu akaeleza kilichomleta. Yule mwanamume alikuwa ameshonwa sikio, na wakili wake alidai kwamba nilimpiga baada ya yeye kuuachilia mkoba. Askari alitaka kujua nilimpiga mara ngapi.

Kazi yangu haifanywi bila cheti cha polisi kisicho na doa. Nikiandikwa kwamba nimempiga mtu, hata mara moja, hakuna kampuni itakayonituma tena kwa mzee yeyote, na kuna bibi mmoja ambaye hakubali kulishwa na mtu mwingine isipokuwa mimi.

Kabla sijafungua mdomo, mwenyekiti wetu wa akina mama alisimama. Alichukua mto wa kochi, akamwonyesha askari mapigo manne, mawili ya mwisho akiwa ameinama mpaka sakafuni.

"Ulikuwepo?" askari akamuuliza.

"Hapana," akajibu bila aibu, "lakini nimeisikia mara tatu."

Askari akauma mdomo asicheke, akaomba tuzungumze faragha. Tukaingia jikoni. Akauliza wale samaki wako wapi, kwa kuwa walihitajika kama ushahidi. Nikafunua sufuria. Walikuwa kwenye mchuzi, pamoja na nyanya na dania. Aliwatazama kwa muda, kisha akafungua daftari.

"Mara ngapi?"

"Mbili."

"Ya pili, alikuwa bado ameushika mkoba?"

"Hapana."

Akaweka kalamu kando ya sinki, akaniuliza polepole, akinitazama usoni, "Wakati ule ulikuwa bado unaogopa?"

Nikaelewa kwamba ananisaidia. Akina mama walitaka kwanza nikubali kwamba nilikuwa mjinga, ndipo wanihurumie. Sheria nayo ilitaka niwe mwoga, kwani anayepiga kwa woga anajilinda tu. Nikainamisha kichwa kama mtoto mwema.

"Niliogopa sana," nikasema.

Akaandika. Aliporudi sebuleni alishukuru kwa mandazi, na mwenyekiti akamfungia mengine kwenye karatasi. Wiki chache baadaye nilipata barua kwamba sina kesi ya kujibu. Mwanamume yule alikiri kosa, na sikuitwa mahakamani. Jumatatu iliyofuata nilikuwa kwa yule bibi kama kawaida, nikimlisha uji, na nilifurahi kiasi kwamba akaniuliza kama nimepata mchumba.

Hakuna niliyemwambia yaliyobaki. Pigo la kwanza lilikuwa la kuokoa mkoba. La pili lilikuwa langu mwenyewe, na wakati wa kulirusha sikuwa na woga hata chembe. Nilikuwa nimeshashinda, na nilijua. Hata sasa nikipita pale kituoni mimi hucheka peke yangu, mpaka nikumbuke lile sikio.