Dereva wa Redio

"Elfu sitini yangu ulisema ni ya dereva," mama mmoja wa Ruhuwiko alimwambia fundi wa kompyuta pale Majengo juzi. "Huyo dereva yuko wapi?"

Mumewe aliugua, na redio yake ya taarifa ya habari ikafa. Wakanunua kidude cha kuchomeka kwenye kompyuta ili inase stesheni za mbali, lakini kilitoa mvumo tu. Fundi akasema hakina dereva. Mama akalipa, akidhani kuna mtu wa kwenda na gari Dar kukishughulikia.

Fundi hakuinua macho kutoka kwenye simu. "Mama yangu, dereva ni programu. Naitafuta bado."

"Ungenieleza. Mzee tumemzika Jumamosi. Mpaka anakata roho alikuwa anasikiliza mvumo, ananiuliza kama dereva ameshafika."

Fundi hakutoa hata pole.

Mimi niliyewasikia pale ninacho kidude kama hicho, nilijifunza mwenyewe kukifunga. Programu hiyo ya kukiwezesha kifanye kazi na kompyuta unaipakua bure, na chai yako haijapoa. Kila kazi ina maneno yake, sawa, lakini kumwacha mtu gizani ili alipe ni wizi. Fundi, mrudishie mama elfu sitini yake.