Kabura na Homa ya Mwanangu

Baba yake Kabura alichomewa duka na watu wa kabila letu hapa mtaani kwetu West Indies, kwenye fujo za uchaguzi za 2008, wakakimbia. Kabura alirudi akiwa amesomea kupima damu, lakini alinisalimia akiwa nje ya geti tu. Alituogopa. Mwanangu Kipkirui alipotoka Mombasa akiwaka homa, viungo vikimuuma, Kabura alisikia akaingia mbio, akanikuta nikitaka kumpa tembe ya maumivu.

"Mama, wacha hiyo Brufen!"

"Na vile analia, wewe?"

"Inaweza kuwa chikungunya ama dengi, homa za mbu zinazofanana. Kama ni dengi, hiyo dawa itamfanya avuje damu."

Akamtoa damu, akaenda kuipima kazini kwake kwa mashine inayotofautisha virusi. Nilishinda nikimkagua fizi kama zinatoa damu. Jioni akapiga simu.

"Ni dengi, Mama. Panadol na maji tu."

Nilikaa sakafuni. Kidogo nimuue mwenyewe kwa ile Brufen.