Nilificha moshi wa kampuni, sasa jirani anafukuzwa kijijini

(Msomaji huyu wa Mpanda ametuomba jina lake tulifiche. Tumelificha.)

Nina miaka thelathini na minane, mke mmoja, watoto wanne, nakaa Kawajense. Shule niliishia la sita, la saba lilinikuta stesheni ya Tabora nabeba mizigo. Lakini dunia nimeitembea! Kigoma, Dar, mpaka Ndola kwa Wazambia nimefika, na kote nilikopita niliacha watu wanashika mbavu. Nyie mnaosoma hapa, hata mngekuwa msibani ningewachekesha. Leo nawaandikia mwenyewe sicheki.

Niko kwenye kampuni ya uhandisi inayojenga madaraja huku kwetu. Jina silitaji. Mwaka juzi wafadhili walisema hawataki tena kuona moshi mweusi karakana. Malori yazimwe yakiwa yanasubiri, jenereta ifanyiwe sevisi kwa wakati, na matairi mabovu na oili chafu visichomwe tena, vipandishwe treni virudi Dar. Injinia wetu akatukusanya, akauliza nani atasimamia. Nani mwingine? Nikanyoosha mkono kabla hajamaliza.

"Wewe mdomo unao," akasema Injinia, "sasa tuone na kazi. Kuanzia leo wewe ni bwana mazingira."

Nikapewa kofia nyeupe. Getini tukatundika ubao wa kuandika siku ngapi tumekaa bila moshi. Na kweli nilifanya kazi, jamani! Dereva akiacha lori linanguruma bure, nilikuwa nachomoa ufunguo naondoka nao. Ile jenereta iliyokuwa inakohoa kama mzee wa tumbaku ikanyamaza. Injinia alinisifu mbele ya watu.

Kilichonishinda ni behewa. Kila nikienda stesheni, behewa hakuna, mahindi yamechukua yote. Mapipa ya oili yakajaa nyuma ya stoo, matairi yakawa kichuguu. Siku Injinia aliponiuliza ule mzigo umefikia wapi, nilikuwa nimezungukwa na mafundi, na mimi mbele ya watu sijui kusema nimeshindwa. Nikasema, "Bosi, umeshaondoka! Saa hizi Dar wanaupokea." Akaandika kwenye ripoti yake.

Basi nikaupeleka Kakese, kijijini kwa wakwe zangu, kwenye shimo la zamani tulilochimba kifusi. Kila Jumapili watu wakiwa ibadani, nilichoma. Kiangazi huku kila upande porini kunafuka, nani angeuliza? Nikimaliza nafukia. Mke wangu peke yake ndiye aliyenusa shati, akasema, "Baba Neema, hili shati linanuka tairi." Nikamtania, akacheka kidogo, akalifua. Hakuuliza tena.

Sikufikiria kitu kimoja. Mizinga ya baba mkwe imetundikwa kwenye miti yote inayozunguka lile shimo. Yule mzee anaishi kwa asali. Nyuki wakahama, mzinga baada ya mzinga, na kidogo alichorina kilinuka mpaka watoto walikitema.

Mwenye kulaumiwa akapatikana haraka. Jirani yake ni Mzee Masanja, Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake miaka michache iliyopita, na huwa anawanyunyizia dawa ya kupe. Watu wakasema dawa ile ndiyo imefukuza nyuki. Huyu Masanja, mtoto wangu wa mwisho alipougua surua, alileta maziwa kwa baiskeli kutoka Kakese mpaka Kawajense, kila asubuhi, hakutaka hata asante.

Serikali ya kijiji ikaitisha mkutano. Nilikwenda nimekata shauri. Masanja alikuwa amesimama peke yake na kofia mkononi. Mwenyekiti alipouliza nani ana neno, nikasimama nikasema kwa sauti, "Huyu mzee hana kosa. Nyuki nimewafukuza mimi, nilichoma matairi ya kampuni pale shimoni!"

Mkutano mzima ukaangua kicheko. Kabila langu na lao ni watani tangu mababu, na mimi kwa miaka kumi nimewaambia pale kwamba nimeiba mwezi, nimeua mamba kwa kofi, nimewauza wote Burundi.

"Mtani mwongo huyo!" akapiga kelele mama mmoja. "Mtozeni kuku!"

"Matairi yanaruka na kuuma nyuki!" akadakia mwingine.

Nikageuka kumtazama baba mkwe. Na yeye sina utani, kwake huwa naongea nimeinamisha macho. Akasema taratibu, "Mkwe wangu, kaa. Leo tunaongea mambo ya watu wazima."

Nikakaa. Ndiyo, nilikaa! Ningeweza kuwapeleka shimoni nikafukua, na sikwenda. Masanja akapewa mpaka mwisho wa mwezi awe ameondoka na mifugo yake.

Wiki ijayo wafadhili wanakuja kutazama karakana, na mimi ndiye wa kuwatembeza. Wakipenda, kampuni inapewa daraja jingine na mafundi wenzangu wanabaki kazini. Shimo likifukuliwa sasa hivi, ripoti ya Injinia inakuwa uongo, na yeye hakudanganya mtu.

Juzi mchana Masanja alikuja kazini kwangu. Nilidhani ameshajua. Kumbe alikuja kuomba. "Mwanangu, siku ile ulijaribu kunitetea hata kwa mzaha, sijasahau. Niombee lori la kampuni nibebe mabati na wajukuu. Ng'ombe tutawaswaga."

Karatasi ya kuombea lori ninayo hapa, imebaki sahihi yangu tu. Nikisaini, nimemhamisha kwa mkono wangu. Nikikataa, wajukuu watatembea kwa miguu. Nikienda kwa Injinia, nawamwagia wenzangu ugali. Nikienda kwa baba mkwe, sijui kama mke wangu atarudi kulala kwangu. Gazeti linatufikia huku limechelewa, kwa hiyo nijibuni upesi, na msinionee aibu: nianzie mlango upi?