Mnyororo wa Pakiti za Unga

Mwalimu wa chekechea hakujaliwa kukaa kitako. Shule ilikuwa imefungwa, lakini kila asubuhi watoto wa mtaa wa Jericho walijaa mlangoni pake, naye akiwakatia pakiti tupu za unga vipande vyembamba na kuwaonyesha jinsi ya kubandika pete ndani ya pete kwa uji wa ngano, hadi ziwe mnyororo wa Krismasi. Akishabandika mbili tatu, huinuka kuchungulia barabarani, hurudi akibambua gundi iliyokauka kwenye kucha, kisha huyo, ameinuka tena. Desemba ilikuwa ikiwazoa watoto kwenda ushago, mashambani kwao, mmoja mmoja, na kila aliyeaga aliuacha mnyororo wake ukutani. Kuubeba ilikuwa marufuku. "Ukienda nao, utarudi kufuata nini?" alikuwa akifoka, nao watoto wakicheka.

Triza, mama wa mmoja wao, hakucheka. Alikuja kuaga, begi begani, amemshika mkono bintiye Ayuma, ambaye alikuwa akililia mnyororo wake akamwonyeshe nyanyake.

"Shule ikifunguliwa mtakuwa mmerudi?"

"Tutarudi, Ticha," Triza alijibu upesi mno.

Zipu ya begi ilikuwa imegoma kufunga, na kola ya sare ya shule ilichungulia. Hakuna anayekwenda kula Krismasi na sare. Triza aliifunika kwa kiganja, lakini alichelewa; Mwalimu alikuwa ameshaiona. Mwalimu alipanda kiti, akauondoa mnyororo msumarini, akamvisha Ayuma shingoni. Kisha akachutama mbele yake, akaanza kuziweka sawa zile pete, moja baada ya nyingine, taratibu, wala hakuchungulia barabarani tena.