Injinia wa Daraja Letu

Jumatatu, mwezi wa Agosti 1971, saa tatu na robo asubuhi. Hapo ndipo nilipokosea, mwanangu, na nakuandikia ingawa bado hujazaliwa. (Mimi mwenyewe niko kidato cha pili, usicheke.)

Mwalimu wa darasa la nne hapa kijijini, karibu na Nyaramba, aliniomba niwaeleze watoto habari za madaraja mashuhuri. Nilikuwa likizoni, maana sekondari yetu ilifunga mapema, na kitabu cha picha nilikuwa nimeazima shuleni kwetu. Nikawaonyesha daraja la Sydney, lililojikunja kama upinde juu ya maji ya bahari, na lile la San Francisco linaloning'inia kwa nyaya nene. Nikawaambia kila moja lina injinia wake, mtu aliyepiga hesabu kwanza kabla chuma hakijaguswa. Nilisema huku nikitazama miguu yangu, lakini watoto walitulia tuli.

Kisha Kemunto, mtoto wa jirani, akauliza, "Na hili letu la mtoni, injinia wake nani?"

"Hilo halina injinia," nikajibu. "Ni magogo tu. Lilijengwa na babu."

Babu alikuwa dirishani, ameleta maziwa ya mwalimu.

Kwetu babu humtania mjukuu wake wa kike kwa kumwita mke wake. Siku zote ni "mke wangu, umenisahau na chai?" Jioni ile alipokea kikombe, akasema, "Asante, Teresia," kama mgeni.

Nikamfuata nje alikokuwa akifunga ndama. "Babu, nieleze ulivyolijenga."

Alikaza fundo la kamba. "Mvua za mwaka mzima," akasema, "kila mto ulipofurika nilichomeka kijiti ukingoni, nijue maji yanafika wapi. Ndipo nikachagua magogo. Lilipokwisha, wazee wakataka nitangulize ng'ombe kulijaribu. Nikamfunga baba yako mgongoni kwa shuka, nikavuka naye."

"Mgongoni, kama akina mama?"

"Walicheka mpaka wakatoa machozi. Lakini nilipofika ng'ambo, wote wakanifuata. Hao wa kitabuni, mke wangu, wao walibeba nani?"

Mwanangu, soma habari za mainjinia wa mbali na uwaheshimu. Kazi yao ni kubwa kweli. Lakini ukiulizwa ni nani aliyejenga cha kwenu, usiseme "tu". Taja jina lake, na ulitaje angali hai alisikie. Mungu akupe macho ya kuiona kazi ya watu wako, na akuvushe salama kila mto.

Kesho yake asubuhi niliwapanga watoto wawili wawili, nikawapeleka mtoni na kamba ya katani ili walipime daraja. Kemunto akashika ncha moja. Nikasimama katikati ya magogo, nikasema kwa sauti iliyowafanya wachuma chai wa ng'ambo wainue vichwa: injinia wa daraja hili anaitwa Ombati Makori, na mimi ni mjukuu wake.